Re: Chaja ya droni inajizima katikati tukitumia sola shambani

Mkuu salama, na hongereni kwa kuanzisha kampuni. Kwa hiyo chaja inaanza vizuri, baada ya dakika kumi inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani) inapiga kelele na kuzima wakati betri ya sola ya 12V bado inaonesha imejaa. Msikimbilie kununua paneli nyingine, anzeni na waya. Sisi kule Mvomero, Morogoro, tulihangaika na hiyo kitu wiki nzima, tukapima kwenye betri chaja ikiwa inafanya kazi ikasoma volti 12.4, tukahamishia mita kwenye inveta ikasoma 10.6, yaani karibu volti 2 zinapotelea njiani, inveta inadhani betri imeisha inajizima, na waya ukiushika una moto. Chaja ya wati 180 inavuta zaidi ya ampia 15 upande wa 12V, sasa tulikuwa na waya wa mm 1.5 wenye mita nne na kitu, hauwezi kabisa. Tukaweka wa mm 16, inveta tukaisogeza karibu na betri, tukasugua ile kutu ya kijani kwenye vichwa vya betri, ikatulia mpaka leo.

Halafu pigeni hesabu ya jua, paneli moja ya wati 100 siku nzuri inatoa kama wati-saa 400, betri ya droni ya wati-saa 80 ukiweka na upotevu inakula 110 hivi, hapo ni betri tatu kwa siku, msiwaahidi wakulima zaidi. Na betri iliyotoka kuruka ikiwa ya moto msiichomeke, iacheni ipoe kivulini kwanza.

Hujasema waya wako ni saizi gani, pima utuambie.