Barua kwa mwanangu: sahani yenye alama nyekundu

Old Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Huku hatujambo. Mvua imeanza vizuri, ng'ombe amezaa ndama jike, na mdogo wako anasema lazima wewe ndiye umpe jina.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa jikoni nimefunga mlango. Umeniuliza: "Mama, dozi ya kifua kikuu nimemaliza, je, nirudi kwaya sasa au nisubiri mpaka pumzi ikae sawa?" Na katikati ya maneno umepitisha jambo jingine haraka haraka, kwamba ulipokwenda kuwasalimia wanakwaya Jumapili, yule dada mliyekuwa mnashika naye daftari moja la nyimbo alikuwa na daftari lake, tena amehamia mstari wa nyuma.

Habari ya pumzi nakujibu kwa kifupi kwa sababu si kubwa. Kifua kikuu kikipona kinaweza kuacha kovu kwenye pafu, na kovu linabana pumzi hata kama vimelea vimekwisha. Muulize daktari wako, usiulize watu wa mtaani. Baba yako alipopona alipanda kilima cha kutoka kanisani akipumzika kwenye mkuyu, halafu kwenye daraja, halafu kwenye duka, karibu mwaka mzima. Baadaye akawa anapumzika dukani tu, na nadhani hapo ilikuwa ni kwa ajili ya mazungumzo.

Habari ya daftari ndiyo imenikosesha usingizi.

Ulikuwa darasa la kwanza, 1998, mvua za El Nino zimeacha barabara ya kushuka mjini tope tupu. Baba yako alianza kukohoa tangu Krismasi. Tukasema ni baridi, tukasema ni vumbi la kahawa, mpaka mkanda wake ukatobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Alipopimwa makohozi akakutwa na kifua kikuu. Dawa za wakati ule zilikuwa miezi 8, si 6 kama zako, na miezi 2 ya mwanzo ilikuwa ni sindano kila siku. Kila asubuhi alishuka zahanati kwa miguu, akirudi anakaa upande upande kwenye kiti. Dawa ilikuwa bure kama ilivyo hata leo, na kila nikikumbuka hilo namshukuru Mungu, kwa sababu mwaka ule tusingeweza kununua hata kidonge kimoja.

Lakini wakati ule ukisema kifua kikuu, watu walisikia mambo mawili: Kibong'oto, na ule ugonjwa mwingine. Hospitali ya Kibong'oto pale Siha imekuwa ikitibu vifua tangu 1926, na watu wengi wametoka pale wazima. Kijijini kwetu jina lake lilinong'onwa, kama vile anayepelekwa ameshaagwa. Baba yako hakufika huko hata siku moja, ila kijiji kilikuwa kimeshampeleka.

Nesi alinikalisha akanieleza vizuri. Fungua madirisha, azibe mdomo akikohoa, watoto waje wapimwe, asiruke dawa hata siku moja. Akasema ugonjwa huu unakwenda kwa hewa, hauambukizwi kwa kijiko wala kikombe. Nilimsikia, mwanangu. Nisingependa ufikiri mama yako hakuambiwa. Nilimsikia, nikarudi nyumbani, nikatenga vyombo.

Unazikumbuka zile sahani sita za bati, nyeupe zenye ukingo wa bluu, alizotupa bibi yako tulipofunga ndoa. Nilichukua rangi ya kucha aliyoisahau mama yako mdogo, nikageuza sahani moja, nikaweka kitone chini yake, kikubwa kama punje ya mahindi. Nikaweka na kwenye kijiko. Nilivisafisha mwisho, kwa maji ya moto na majivu, nikavianika peke yavyo juu ya jiwe. Baba yako sikumwambia. Nilijidanganya kwamba mwanamume hatazami chini ya sahani.

Halafu bibi yako akaja. Alikuja na maziwa ya mgando na mkungu wa ndizi mshare, akapika mtori mwenyewe, akakaa kwenye kigoda karibu na mwanawe. Baba yako alikula nusu akashindwa. Bibi akaivuta ile sahani magotini kwake, akachukua kijiko kilekile, akamalizia, akakwangua mpaka bati likalia. Alipomaliza akaigeuza kudondosha makombo kwa kuku, akakiona kitone. Akaniuliza, "Hii nini?"

Nikamjibu, "Ni alama ya sherehe, mama. Vyombo vyetu vikienda kwenye harusi za watu vinapotea."

Uongo mzuri, kwa sababu kila nyumba inaweka alama kwenye masufuria yake. Akatikisa kichwa akasema nimefanya vizuri. Baba yako alikuwa palepale, macho ameyafumba. Nilidhani amelala. Na wewe ulipokuwa darasa la tano ukaniuliza swali hilohilo, nikakujibu hivyohivyo, na nadhani mpaka leo unaamini.

Mwezi wa saba, akiwa na miezi minne ya dawa, jirani yetu wa juu alikuwa na ubatizo. Baba yako alivaa lile koti la kijivu lililokuwa linamning'inia. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu tunapakua machalari, na kutoka pale unaona vizuri benchi la wanaume. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa ya siku hiyo, kata ya kunywea inazunguka, mkubwa kwanza kama kawaida. Ilipofika kwa mtu aliyekaa kabla ya baba yako, ikanyooshwa mbele yake ikapita kwa wa tatu. Mwenyeji akamletea kikombe cha plastiki, cha kijani, cha uji wa watoto. Baba yako alikipokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Akanywa yote. Halafu akaaga mapema.

Usiku nilifoka. Nilisema kesho alfajiri nakwenda kwa huyo jirani, nikamweleze nesi alichosema, nimuulize kama hiyo ndiyo dini yake. Nilisema maneno ambayo siyaandiki. Baba yako alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu. Akasema bila kuniangalia, "Waache, mama watoto. Hata kile kikombe ni alama ya sherehe tu."

Hakusema jingine, wala hakurudia tena mpaka anakufa.

Asubuhi nilichukua kisu nikakwangua. Rangi ikatoka, na weupe wa bati ukabanduka pamoja nayo, pakabaki peusi, baadaye pakashika kutu. Tangu siku hiyo nimekula kwenye sahani ile mimi mwenyewe. Lakini msamaha sikumwomba. Kwetu mtu akikosa anachuma jani la isale anakwenda nalo, na aliyekosewa hakatai. Masale yetu yako mpakani, hatua kumi kutoka mlangoni. Nilipita hapo kila siku nikikata majani ya ng'ombe, miaka 16, mpaka 2014 tulipomzika, na jani moja sikuchuma.

Nimesema siku zote, na nyinyi wanangu mmechoka kunisikia: mtu haponi peke yake. Nilikuwa nasema hivyo hata mwaka ule, nikiwa na sahani ya peke yake kabatini.

Sasa huyo dada wa daftari. Jana nilimkasirikia mpaka nikaacha maharage yakaungua. Leo nimetulia kidogo, najaribu kuwa wa haki. Hofu ya mwanzo haikuwa kosa. Ugonjwa huu unapita kwenye kikohozi na kwenye kuimba, na chumba chenu cha mazoezi ulisema hakina madirisha ya maana. Kama angekuwa na mtoto mchanga nyumbani, hata mimi ningemwambia akae mbali wakati ule ulipokuwa unakohoa na hujaanza dawa. Lakini umekunywa dawa miezi 6! Vile vya mwezi wa kwanza vilivyofanya mkojo uwe rangi ya machungwa, ukanipigia simu saa 12 asubuhi unalia ukidhani ni damu, na vile vilivyokutia maumivu ya viungo. Makohozi yamepimwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, yote safi. Mtu akishakaa na dawa wiki chache huwa haambukizi tena kama mwanzo, sembuse aliyemaliza. Kwa hiyo hofu ya leo haina mguu wa kusimamia. Lakini tazama, naandika haya kama vile mimi nesi hakuniambia. Kujua hakukunisaidia. Kilichonisaidia ni aibu, na aibu yenyewe ilichelewa.

Pengine huyo dada usiku naye hapati usingizi. Pengine anajua amekosa na hajui aanzie wapi. Au pengine hajui chochote na wala hajali, wapo watu wa hivyo pia. Kwa mbali siwezi kuona.

Baba yako alirudije kwa watu, hilo naweza kukueleza. Hakungoja kualikwa. Wakati wa kuchuma kahawa alipanda kwa jirani yuleyule na kikapu chake, akachuma mistari miwili polepole, akipumzika kila shina. Siku ya pili akaenda tena. Siku ya tatu jioni walikaa kupumzika, kukawa na mbege, na yule mzee wa ukoo wao aliyekuwa haoni vizuri akanywa, akafuta mdomo, akamkabidhi baba yako kata moja kwa moja mkononi. Sijui kama alisahau au alikusudia. Baba yako alinywa akampa aliyefuata, na aliyefuata akanywa. Alirudi nyumbani giza limeingia, mapovu yamekaukia kwenye masharubu, anaimba ile sauti ya besi uliyokuwa unaiogopa utotoni. Nilisimama mlangoni na taa; sikutaka aingie haraka, nilitaka aendelee kuimba pale nje.

Kwa hiyo unaniuliza kama urudi. Kama ningekuwa na ruhusa ya kukuamulia, ningesema Jumamosi hii hii, ukae palepale mstari wa mbele, sauti ya kwanza, na daftari ulifungue katikati kama zamani, anayetaka kuja aje. Naona kalamu inataka kuandika hivyo kwa herufi kubwa. Lakini siye mimi nitakayekaa pale kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Baba yako alikaa na kile kikombe cha kijani, mimi niliona kwa mbali kutoka jikoni, na waliokaa jikoni hawajui vyote. Hata hivyo, mama, mtu haponi peke yake. Basi, nimesema tena. Amua wewe.

Nimempa kondakta wa basi la Jumanne kifurushi, linapita Babati na Kondoa, kipokee stendi jioni wala usimwachie akipeleke ofisini. Kuna mshare wa mtori, upike ukiwa bado mbichi, na parachichi nane. Katikati ya ndizi nimefunga sahani kwenye kanga yangu ya zamani. Igeuze utaona palipobanduka. Nimeweka na jani la isale, nalo litakuwa limenyauka litakapofika. Najua si wewe niliyemkosea, lakini mwenyewe hayupo, na wewe una macho yake.

Mama yako