Muulize Anti wa Safari: kahawa ileile, bei mbili

Zamu hii barua karibu zote ni za Italia, wengine mmerudi juzi na wengine mko njiani kwenda, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Nyingine nimezikata kidogo msinune, zilikuwa ndefu kuliko safari yenyewe.

Shikamoo Anti. Mi na mume wangu tulikuwa Roma wiki nzima. Siku ya kwanza asubuhi tulikunywa kahawa tumesimama kaunta, tukalipa Euro moja na senti kadhaa kila mtu. Jioni tukakaa meza za nje karibu na Piazza Navona, kahawa zilezile mbili, bili ikaja kama tumekula chakula. Tulibishana na weita mpaka watu wakageuka. Tuliibiwa? (Wawili wa Roma)

Marahaba wanangu. Hamkuibiwa, mlikaa. Kule kahawa ina bei mbili, ya kusimama kaunta wanaiita al banco na ya mezani wanaiita al tavolo, na meza ikiwa inatazama uwanja maarufu ndo kabisa, unalipia kiti na mandhari na yule weita wa kizibao cheusi. Bei zinatakiwa zibandikwe, mara nyingi ni kikaratasi pembeni ya mashine ya kulipia, sasa nani anasoma kikaratasi akiwa likizo. Mtaliano wa kawaida anaingia, anasimama, anapiga funda tatu, anasalimia, katoka, dakika 3 hazijaisha. Na neno bar kule lisiwatishe, sio kilabu cha pombe, ni sehemu ya kahawa na maandazi yao, hata mtoto na bibi yake utawakuta humo asubuhi. Baa nyingine unalipa kwanza kwa keshia unapewa risiti alafu ndo unaipeleka kaunta, ukiona watu wanakupita na vikaratasi mkononi jua ndo hivyo.

Ila msijilaumu sana, mi mwenyewe safari ya kwanza niliagiza "latte" nikaletewa glasi ya maziwa matupu, na muhudumu akaniangalia kwa huruma kama mama anayenyonyesha. Latte kwa Kiitaliano ni maziwa tu, ukitaka ya kahawa sema caffè latte. Na cappuccino kwao ni ya asubuhi, ukiagiza baada ya chakula cha mchana watakupa, hawakukatazi, watakusikitikia tu moyoni.

Bili ya chakula nayo ina vyake. Miji mingi mtaona mstari umeandikwa coperto, Euro 1 hadi 3 kwa kila kichwa, ni pesa ya kukaa mezani, sio bakshishi na sio wizi. Roma iko mkoa wa Lazio ambako hiyo coperto ilipigwa marufuku kwa sheria ya mkoa ya 2006, kwa hiyo wao wanaandika pane, yaani mkate. Mkate unaweza kuukataa, waambie mapema kabla hamjaanza kuumega.

Assalamu aleikum Anti. Tunaenda Roma na Florence na wazazi, sisi ni Waislamu na mama ameshasema atakula mkate na ndizi siku zote 8. Tutakula nini jamani na tutaswali wapi? (Binti wa Mama Mwoga)

Waaleikum salaam. Mama ana haki ya kuogopa kidogo, maana Roma nguruwe anaingia hata usipomtarajia. Wana tambi zao nne za kujivunia na tatu zina guanciale, hiyo ni nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi: carbonara, amatriciana na gricia. Ya nne ni cacio e pepe, pilipili manga na chizi ya kondoo inayoitwa pecorino, basi, hakuna kingine, na ikipikwa vizuri mama atasahau ndizi. Mwenye kuchunguza sana ajue kuwa hiyo pecorino ya Roma inagandishwa kwa kitu kinachotoka tumboni mwa mwanakondoo, hapo kila mtu na uamuzi wake.

Maneno ya kukariri ni maiale ambaye ndo nguruwe mwenyewe, alafu nyama na soseji zake, prosciutto, pancetta, salsiccia, speck, na strutto ambayo ni mafuta yake. Mwambie weita "senza maiale", yaani bila nguruwe. Usiishie kusoma jina la chakula, uliza kilichomo, kwa sababu ragù, ule mchuzi wa nyama wa tambi, mara nyingi wanachanganya ng'ombe na nguruwe, na tiramisù, kitindamlo chao, wengine wanatia pombe kidogo. Huu hapa mtego mwingine, ila wa kufurahisha: pizza iliyoandikwa peperoni, kwa p moja katikati, sio ile ya soseji mnayoijua, ni pilipili hoho. Watu wengi wamelia kwa kukosa soseji zao, nyie mtashukuru. Ya soseji ya pilipili wao wanaiita diavola.

Nyama halali Roma ipo, tafuteni mitaa ya Esquilino upande wa Piazza Vittorio, karibu na stesheni ya Termini, kuna maduka na migahawa ya Wabangladeshi. Na ule mtaa wa zamani wa Wayahudi, wa Ghetto, una migahawa ya kosher, yaani chakula cha sheria ya dini yao, hawagusi nguruwe kabisa, na ndiko kunakopikwa carciofi alla giudia, mboga ya artichoki nzima inachovywa kwenye mafuta ya moto mpaka inafunguka kama ua, majani ya nje yanakatika mdomoni kama krispi. Mpelekeni mama huko usiku wa kwanza, na sio Ijumaa jioni wala Jumamosi mchana maana mingi imefungwa kwa Sabato.

Kuswali, upo Msikiti Mkuu wa Roma kaskazini mwa mji, ulifunguliwa 1995, mchoraji wake mmojawapo ni Paolo Portoghesi. Ndani nguzo zinapanda zikipindana na kushikana juu kama matawi, baba akipenda majengo atachelewa kutoka. Florence sitasema mengi, ila mkiona foleni ya wafanyakazi mbele ya kigari wanauziwa mkate na kitu cha kijivu, hicho ni lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa, mkate wenyewe unachovywa kwenye mchuzi. Halali ni swali lingine. Ila kwa wale wasomaji wasio na shida hiyo, acheni kujifanya, utumbo mnaupenda.

Mambo Anti! Nina siku 3 Roma na hela ya mawazo. Nikinunua tiketi ya kila kitu nalala njaa. Vya bure vipo au ndo nipige picha nje ya mageti? (Kijana wa Bajeti)

Poa mwanangu. Roma ndo mji wa kwenda bila hela kama miguu unayo.

Anza na maji. Mtaani kote utaona vibomba vya chuma vinatiririka usiku na mchana, wanaviita nasoni maana bomba limepinda kama pua kubwa, viko kama 2,500 na vya mwanzo vilianza miaka ya 1870. Maji ni safi ya kunywa. Usiinamishe shingo kama ngamia, ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatarukia juu kupitia katundu kadogo, unakunywa kistaarabu. Kwa hiyo chupa moja inakutosha safari nzima.

Alafu makanisa. Watu wanapanga foleni masaa kwenye makumbusho, wakati kanisa la San Luigi dei Francesi, hatua chache kutoka Piazza Navona, lina michoro mitatu ya Mtakatifu Mathayo ya Caravaggio, mchoraji mkubwa wa zamani, na kuingia ni bure. Utakuta kona ile giza, watu wamesimama wanasubiriana kwa macho. Wanachosubiri ni mtu wa kutumbukiza sarafu kwenye kisanduku cha taa! Ikiingia taa zinawaka na ukuta mzima unaamka, baada ya muda zinazima tena, na ule ubahili wa kimyakimya unaanza upya. Toa sarafu yako, Caravaggio kwa bei hiyo utampata wapi. Kanisa la San Pietro in Vincoli karibu na Colosseum ipo sanamu ya Musa ya Michelangelo, nayo bure. Ila mengi yanafungwa mchana kwa masaa kadhaa, na mabega na magoti yafunikwe, beba mtandio au suruali.

Pantheon, lile hekalu la kale la Warumi, tangu Julai 2023 wanatoza kiingilio, walianza na Euro 5, na mi nakwambia ilipe. Ukisikia mvua inanyesha wenzio wakakimbilia mahotelini wewe kimbilia Pantheon, maana kuba ina tundu la wazi katikati juu kabisa, halina kioo, mvua inashuka ndani kama nguzo na sakafu ina mteremko na matundu ya kuyatoa maji. Kimo cha kuanzia sakafu mpaka lile tundu na upana wa kuba ni sawasawa, mita 43 na kidogo, na ni zege la Warumi la takriban miaka 1,900 bila nondo hata moja. Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ya serikali ni bure, Colosseum ikiwemo, ila foleni yake mmh, mi siiwezi.

Jioni panda kilima cha Aventino, kuna geti la kijani la Cavalieri di Malta, shirika la zamani la Kikatoliki, chungulia tundu la ufunguo. Sisemi utaona nini, basi nasema, kuba la kanisa la San Pietro la Vatican limekaa katikati ya ua wa miti kama limewekwa pale kwa mkono. Ukishuka uko Testaccio, na kile kilima chake cha karibu mita 35 sio cha udongo, ni vigae vya mitungi ya mafuta ya zeituni ambayo Warumi wa kale waliitupa hapo baada ya kumimina. Kula ni hapohapo mtaani, pizza al taglio wanakata kwa mkasi na kupima kwenye mizani, angalia bei ni ya kilo au ya etto, etto ni gramu 100. Onyesha kwa vidole ukubwa unaoutaka, usiseme "kipande" tu, utakatiwa godoro.

Anti, ile sinki ya chini bafuni pembeni ya choo ni ya kuoshea miguu? Watoto walifulia soksi. (Nauliza tu)

Ni bidet, ya kujisafishia baada ya haja. Italia kila nyumba lazima iwe nayo, sheria ya 1975. Soksi zifueni tena.

Anti nimepigwa faini kwenye treni na tiketi ninayo mkononi! Huu si uonevu? (Mwenye Hasira)

Pole, hata mi yalinikuta, nimekaa dirishani naangalia mizeituni, najiona wa maana na tiketi yangu, konda akaigeuza akauliza muhuri uko wapi. Nililipa huku nimenuna mpaka Pisa. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani haina siti wala saa maalumu, kwa hiyo kabla ya kupanda unaigonga kwenye kimashine kilichopo stesheni, bila hivyo ni kama unaweza kuitumia tena. Ya kwenye simu nayo ina hatua ya kuthibitisha, isome. Treni za kasi zenye namba ya siti hazihitaji kugonga.

Venice siku moja inatosha? Na gondola ni lazima? (Bibi Harusi Mtarajiwa)

Haitoshi, lala hata usiku mmoja, wa asubuhi kuja jioni kuondoka ndo hao wanaosukumana kwenye daraja la Rialto. Tena tangu 2024 siku fulani za msimu wa watu wengi hao wa kutwa wanalipia kuingia mjini, ilianza Euro 5, na 2025 aliyechelewa kulipia mapema akatoa 10. Anayelala hotelini halipi hiyo.

Gondola bei rasmi ni Euro 90 mchana kwa nusu saa, kwa boti nzima sio kwa mtu, kubalianeni kabla ya kukanyaga. Ikiwauma, kuna traghetto, ni gondola ya kuvusha watu Mfereji Mkuu, Euro 2, pale Santa Sofia inawashusha soko la samaki la Rialto. Safari ni dakika mbili tatu hivi na wenyeji wanasimama wima, nyie kaeni, suti ya bwana harusi mtarajiwa isije ikalowa.