Mpinzani Akikutolea Ufunguzi Alioupika Nyumbani

Kwenye ubao wa sataranji, mpinzani aliyekariri ufunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, utamjua tu. Kitunda, kete ndogo kuliko zote, kinasukumwa, saa inabonyezwa, kisha anajiegemeza kwenye kiti na kukutazama. Wengi ninaocheza nao mashindano ya wikiendi hujibu kwa kasi ileile, kana kwamba kufikiri ni kukiri woga. Ushauri wangu ni kinyume: hapo ndipo pa kutumia dakika zako. Yeye anacheza kwa kumbukumbu, wewe unacheza kwa akili, na akili inahitaji muda.

Wanafunzi wangu wa sataranji mimi huwapa mchezo wa New York, Oktoba 1918. José Raúl Capablanca wa Kuba alikuwa na kete nyeupe, Mmarekani Frank Marshall nyeusi, ufunguzi uitwao wa Kihispania. Hatua ya 8 Capablanca alisukuma kitunda c3, na Marshall akajibu kwa kusukuma chake d5 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao), akikiacha kitunda chake cha e5 kiliwe. Husimuliwa kwamba aliificha silaha hiyo miaka mingi akimvizia Mkuba huyo. Hadithi tamu, ila wanahistoria wanaitilia shaka.

Capablanca alikila kitunda. Kete nyeusi zikammiminikia mfalme wake: farasi g4, malkia h4, kisha farasi yule akajitosa f2. Hapo tazama vizuri. Hakumla farasi kwa malkia. Alisogeza ngome e2. Ngome yake nyingine, askofu mmoja na farasi mmoja walikuwa bado hawajatoka nyumbani, lakini aliendelea kujiuliza swali moja tu: shahi inayofuata, yaani tishio la moja kwa moja kwa mfalme, itatoka wapi? Mfalme akatembea kwa miguu yake hadi c2, shambulizi likaisha pumzi, na hatua ya 36 akashinda.

Usikariri hatua hizo. Funika za mweupe kwa karatasi kuanzia ya 9, tafuta jibu lako, andika, ndipo ufunue. Utachoka, na ni sawa.

Ila usidhani ufunguzi wenyewe ni mbovu. Marshall alirudisha farasi f6 katika hatua ya 11. Siku hizi weusi husukuma c6, na wachezaji wakubwa wa dunia bado wanautumia. Ukikutana na mtu anayeujua hivyo, kitunda kimoja hakitakupa usingizi. Ukiwa mweupe na hutaki shari hiyo, hatua ya 8 acha c3, cheza a4 au h3.