Maswali ya Wasomaji: Twita Iliyogeuzwa Nyaya

SWALI: Ndugu Mhariri, nimejitengenezea bafle (maboksi ya spika) mbili za nyumbani, kila moja ikiwa na wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi 6 na nusu na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) moja, zote za omu 8. Krosova, yaani kichujio kinachogawa sauti kati ya wufa na twita, nimeifunga kwa kufuata mchoro: kwa kila boksi, kapasita mbili za mikrofaradi 3.3 na koili mbili za milihenri 0.85. Mchoro ulionyesha nyaya za twita zimegeuzwa, chanya mahali pa hasi. Fundi jirani aliniambia kwamba mchoraji amekosea, nami nikazirekebisha. Sasa besi ipo na mlio mkali upo, lakini maneno ya kwaya hayaeleweki, na gitaa la solo linasikika kana kwamba linapigwa chumba cha pili. Je, twita zangu ni mbovu? Na je, ninaweza kutumia kapasita za kawaida zilizotolewa kwenye redio kuukuu?
Msomaji wa Ndosho, Goma

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna dalili kwamba twita zako ni mbovu, na mchoraji hakukosea. Rudisha nyaya za twita jinsi zilivyokuwa kwenye mchoro, katika bafle zote mbili, kisha usikilize tena kwaya yako.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo kiini cha krosova yenyewe. Kwa thamani ulizotaja, mpaka kati ya wufa na twita uko kwenye hezi 3000, yaani mitetemo 3000 kwa sekunde. Juu ya mpaka huo koili iliyo kwenye njia ya wufa huizuia sauti nyembamba, na chini yake kapasita iliyo kwenye njia ya twita huizuia sauti nzito. Sehemu ya pili ya kila upande, inayofungwa sambamba na spika, huongeza kizuizi hicho hadi kufikia desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 12 kwa kila oktavu, yaani kila hezi zinapoongezeka au kupungua maradufu. Lakini koili na kapasita hazichuji tu, bali pia huhamisha wakati wa wimbi. Penye mpaka, wimbi la wufa hubaki nyuma kwa robo ya mzunguko na la twita hutangulia kwa robo, kwa hiyo spika mbili hupishana kwa nusu mzunguko: wufa inaposukuma hewa, twita inaivuta. Ni kama watu wawili wanaosukuma chukudu moja, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, mmoja akiwa nyuma na mwingine mbele wakielekeana. Jasho linawatoka wote wawili, na chukudu imesimama palepale.

Ukigeuza nyaya za twita, unaongeza nusu mzunguko mwingine, na spika hizo mbili zinarudi kusukuma pamoja. Thamani zako ni za mpango ambao Siegfried Linkwitz aliueleza mwaka 1976 na ambao hubeba jina lake pamoja na la Russ Riley: kwenye mpaka kila spika huwa chini kwa desibeli 6, na zikienda pamoja jumla yao hurudi kamili. Zikipingana, hubaki shimo, nalo lipo mahali pabaya, kwa sababu sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2000 na 5000 hivi, ambako konsonanti nyingi na mgongano wa kucha na uzi wa gitaa husikika. Ndiyo maana besi haikudhurika, ilhali maneno yamepotea.

Simlaumu fundi wako. Kuunganisha chanya kwa chanya ni kanuni njema mahali pengi, na hata kwa krosova nyepesi yenye kapasita moja tu kwa twita na koili moja tu kwa wufa haileti shimo la namna hii, kwa kuwa humo spika hupishana kwa robo mzunguko tu.

Hata hivyo, hakikisha kwa sikio. Wimbi la hezi 3000 lina urefu wa sentimita 11 na nusu hivi, kwa hiyo koni ya wufa iliyozama sentimita mbili tatu nyuma ya twita hubadilisha hesabu kidogo. Toa bafle moja nje, mbali na kuta, upige mlio wa hezi 3000 kutoka kwenye simu kwa sauti ya chini, maana mlio mfululizo wenye nguvu huunguza twita. Keti mita moja mbele yake, masikio yakilingana na twita, kisha ulinganishe miunganisho miwili, na uchague ule unaosikika kwa nguvu zaidi.

Kuhusu kapasita za redio, zile zenye alama ya chanya na hasi hazifai zikiwa peke yake, kwa sababu mkondo wa muziki hugeuka mwelekeo kila mara. Mbili za mikrofaradi 6.8 zikiunganishwa hasi kwa hasi hutoa 3.4, nazo zitafaa kwa wufa endapo hazijazeeka. Kwa twita ningenunua ya plastiki. Tena, koili zako mbili usizibandike zikigusana: zitenganishe, moja ilale na nyingine isimame, ili sumaku ya moja isiingie katika nyingine.