Watafiti Wakija Kijijini: Maswali Yenu Yajibiwa

*Mwezi huu barua nyingi zimehusu utafiti wa afya na nafasi ya wenyeji ndani yake. Tumechagua nne.*

Ninaandaa utafiti wa upungufu wa damu kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Cheti cha kamati ya maadili ninacho, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti Kenya) ninayo, na chifu alinipa nafasi barazani. Watu walisikiliza na kupiga makofi. Tulipopita nyumba kwa nyumba wiki iliyofuata, wengi walikataa. Tatizo liko wapi?
*Mwanafunzi wa uzamili, Kilifi*

Makofi ya barazani si ridhaa. Baraza ni kikao cha serikali: chifu ndiye mwenye kiti, wazee hutangulia kusema, akina mama hukaa nyuma, na kijana hathubutu kumpinga mzee hadharani. Panafaa kwa kutoa taarifa. Kwa kushauriana hapafai.

Hata hivyo tatizo lako lilianza kabla ya baraza. Ulipofika pale itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa utafiti, ilikuwa imekwisha kupitishwa, kwa hiyo hata mtu angekupa wazo zuri namna gani, usingeweza kulitumia. Kila badiliko sharti lirudi kwa kamati ya maadili likubaliwe kwanza. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa Chama cha Madaktari Duniani, kama lilivyorekebishwa Oktoba 2024, linataka jamii ishirikishwe kabla ya utafiti, unapoendelea, na baada yake. Hapo kwenye "kabla" ndipo wengi hukwama, kwa sababu bajeti ya kazi hiyo haipo hadi fedha za utafiti zitoke.

Bado unaweza kunusuru kazi. Simamisha usajili, ukutane na vikundi vya watu 8 hadi 12, kila kikundi peke yake: akina mama wenye watoto wadogo, akina baba, mabibi na mababu, wahamasishaji wa afya ya jamii. Dakika 90 zinatosha. Asiongoze anayesajili washiriki, maana watu humsema mtu akiwa hayupo. Pale ambapo Kigiriama ndicho kinachosemwa nyumbani, zungumzeni Kigiriama; kumlazimisha bibi aeleze hofu yake kwa Kiswahili cha ofisini ni kumnyamazisha kwa adabu.

Uliza mambo yanayoweza kubadilika: saa ya kuwatembelea, nani anaruhusu mtoto apimwe baba akiwa Mombasa kazini, nauli ya kliniki ni shilingi ngapi hasa, na msimu gani watu wako shambani tangu alfajiri. Ukipanga ziara za asubuhi masika yakiwa yameanza, utakuta nyumba tupu kisha uandike "walikataa".

Weka daftari lenye safu tatu: maoni yaliyotolewa, uamuzi wenu, na sababu. Rudi nalo kwa vikundi vilevile ndani ya mwezi mmoja. Watu huvumilia kuambiwa "hili haliwezekani kwa sababu hii". Wasichovumilia ni kuulizwa kisha kimya. Baada ya hapo peleka marekebisho kwa kamati, na usiyatumie hadi jibu lirudi.

Wanangu walipimwa, zikajazwa chupa tatu za damu. Nikaambiwa ni "kidogo tu". Jirani anasema ni mumiani wa kisasa. Kidogo ni kiasi gani?
*Mama wa watoto wawili, Malindi*

Mama, swali lako lilistahili jibu la tarakimu palepale. Mtoto ana takriban mililita 80 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mwenye kilo 10 ana kama mililita 800. Miongozo mingi huweka kikomo kati ya asilimia 1 na 5 ya damu yote kwa siku moja, yaani mililita 8 hadi 40 kwa mtoto huyo, na isizidi asilimia 10 kwa wiki nane. Kwa mtoto mgonjwa au aliyepungukiwa damu kiasi hushushwa.

Kijiko cha chai ni mililita 5. Chupa tatu za watoto, kila moja ikiwa na mililita 1 au 2, hukaribia kijiko kimoja. Lakini jicho linahesabu chupa, halihesabu mililita, na mtu aliyeona tatu kisha akaambiwa "kidogo" ana haki ya kushuku. Mtafiti makini huja na kijiko na chupa tupu, akajaza maji mbele ya mzazi, akasema kila chupa inakwenda kupimwa nini.

Kuhusu mumiani: uvumi huo ni wa zamani pwani, na haufi kwa kumcheka anayeusema. Hupungua watu wakijua damu inakwenda wapi. Uliza mambo mawili. Je, itakayobaki itatupwa au itahifadhiwa kwenye friza? Je, itasafirishwa nje ya nchi? Fomu nzuri huwa na sehemu tofauti ya kukubali au kukataa kuhifadhi, na ukikataa hiyo mtoto bado anaweza kushiriki.

Nimechaguliwa kuwa mwakilishi wa jamii kwenye utafiti. Majirani sasa wananiita "mtu wa watafiti". Nitajitetea vipi?
*Mzee wa mtaa, Tanga*

Mzee wetu, jina hilo huja lenyewe pale mwakilishi anapogeuzwa kuwa wa kuwashawishi watu wajiandikishe. Ukipewa orodha ya wasiofika kliniki na kuambiwa uwafuate, kataa. Kazi hiyo ina watumishi wake, na isitoshe, orodha ile ni siri ya wagonjwa.

Kwa muda mrefu kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi, Kenya, kilichoanza 1989, kimekuwa na mtandao wa wawakilishi wanaochaguliwa na wakazi wenyewe. Jambo la kuiga ni hilo la kuchaguliwa na wakazi. Mwakilishi aliyeteuliwa na mtafiti, au na mwenyekiti wa kijiji peke yake, anaanza na deni.

Omba mambo haya yaandikwe: muda wa kutumikia, kwa mfano miaka miwili au mitatu, nauli na fidia ya siku ya kikao, zikitangazwa hadharani ili pasiwe na mnong'ono wa posho, na kwamba kila kikao kitaanza na majibu ya maswali mliyoleta kikao kilichopita. Hilo la mwisho ndilo litakalokurudishia heshima mtaani. Mkutane pia mara kwa mara wawakilishi peke yenu, watafiti wasiwepo.

Watafiti walikuja, wakahoji kaya zote, wakaondoka. Sasa ni mwaka wa pili. Tunaweza kudai nini?
*Kikundi cha vijana, Kwale*

Mnaweza kudai matokeo, kwa lugha mnayoielewa. Mara nyingi itifaki yenyewe huwa imeahidi hivyo, maana kamati za maadili huuliza. Tafuteni nakala ya fomu ya ridhaa iliyobaki kwa kaya yoyote: ina jina la utafiti, namba ya kibali, na simu mbili, ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Mpigieni mtafiti kwanza. Asipojibu, iandikieni kamati mkitaja namba ile, kijiji chenu na mwezi mliohojiwa. Nakala mpeleke idara ya afya ya kaunti.

Matokeo yanaweza kuwa yamechelewa kihalali, kwani uchambuzi huchukua muda. Hata hivyo barua ya ukurasa mmoja kueleza kazi imefika wapi haihitaji uchambuzi.

Kwa watafiti wajao, wekeni masharti yenu mapema. Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walitoa kanuni zao za utafiti mwaka 2017, na anayetaka kufanya kazi kwao hukutana nazo mlangoni. Zenu zinaweza kuwa ukurasa mmoja: nani apokee wageni, matokeo yarudi baada ya muda gani na kwa njia ipi, na nani atawajibika mtu akidhurika. Mpeni chifu nakala, na nyingine ibandikwe zahanati.