Usihesabu nambari iliyopaa, hesabu zilizotangulia

Futa hilo jibu kabla hujalikusanya. Umeandika kwamba elementi X yenye nishati za uionishaji (nishati ya kung'oa elektroni moja baada ya nyingine) 578, 1817, 2745 na 11577 kilojuli kwa moli iko kundi la 4 kwa sababu "ya nne ndiyo imepaa", ukahitimisha kuwa ni silikoni. Si silikoni. Ni alumini, kundi la 3. Umeuliza mambo mawili: hili, na kwa nini elektroni ya kwanza ya salfa hung'oka kwa nishati ndogo kuliko ya fosforasi. Naanza na hili kwa sababu ndilo litakalokumaliza.

Mtihani wangu wa mwisho uliharibika hapo hapo. Tulipewa 738, 1451, 7733 na 10543. Nikaona ya tatu imepaa, nikaandika kundi la 3, alumini. Vipengele vya swali vilivyofuata vilining'inia kwenye jibu hilo. Fomula ya kloridi, nikaandika XCl3. Oksidi, X2O3. Chaji ya ioni, chanya tatu. Vyote vilikuwa makosa, na vyote vilikubaliana, ndiyo maana sikushtuka.

Kinachoniuma zaidi ni kipengele cha mwisho. Tulipewa spektra ya masi ya elementi hiyo hiyo, yaani mchoro wa masi za isotopu zake (atomi za elementi moja zenye masi tofauti) na wingi wa kila moja, vilele vitatu: 24 kwa asilimia 79, 25 kwa asilimia 10, 26 kwa asilimia 11. Nikazidisha, nikajumlisha, nikapata 24.3. Hiyo ni magnesiamu, hakuna nyingine yenye masi hiyo katika jedwali zima. Nikaikata kwa kalamu! Nikaandika 27 ili ilingane na alumini yangu. Wastani wa 24, 25 na 26 utafikaje 27, wakati isotopu nzito kuliko zote ni 26? Ushahidi nilikuwa nao mkononi, nikautupa kwa ajili ya kanuni niliyokaririshwa.

Na aliyenikaririsha yupo. Alikuwa mwalimu wa masomo ya ziada, na kauli yake ilikuwa moja: "Inapopaa ndipo kundi." Mwenzetu alimuuliza kwa nini, akaambiwa mtihani hauulizi kwa nini. Unauliza! Kukosea simlaumu, kila mtu hukosea. Namlaumu kwa kuizima ile "kwa nini" ambayo ingetuokoa darasa zima. Nikiona na wewe umeandika sentensi ile ile, damu inanichemka.

Sasa sikiliza. Kila nambari ni gharama ya kung'oa elektroni moja. Alumini ina elektroni 13, zimekaa 2, 8, 3. Ya kwanza, ya pili na ya tatu zinatoka kwenye ganda la nje, na gharama inapanda kwa sababu kila inayotoka inaiacha ioni na chaji chanya kubwa zaidi. Zikiisha hizo tatu, ganda la nje limekwisha. Elektroni ya nne lazima itoke ganda la pili, lililo karibu zaidi na kiini na lenye elektroni chache za kulikinga na mvuto wake. Ndiyo maana inadai 11577. Kwa hiyo ile iliyopaa si mkazi wa ganda la nje, na kundi tunalisoma kwa wakazi wa ganda la nje. Hesabu zilizotoka KABLA ya mruko. Hapa ni tatu. Kwenye mtihani wangu zilikuwa mbili.

Kuna mtego mwingine humo humo. Kutoka 578 hadi 1817 ni zaidi ya mara tatu, na wapo wanaodhani mruko ni huo, wakasema kundi la 1. Angalia tofauti: 1239, kisha 928, kisha 8832. Mruko wa kweli haukufichi. Sodiamu inatoka 496 hadi 4562, karibu mara tisa, ikiwa imepoteza elektroni moja tu.

Salfa na fosforasi pia utazimaliza kwa kuuliza elektroni inayotoka ilikuwa imekaa wapi. Fosforasi ina elektroni tatu kwenye 3p, sehemu ya ganda la tatu yenye obitali tatu (vyumba vya elektroni), kila moja na obitali yake. Ya nne ya salfa inalazimika kushiriki obitali na nyingine, zinasukumana, kwa hiyo kung'oa moja kunakuwa rahisi: 1000 dhidi ya 1012. Andika mpangilio wa elektroni kwanza, kila mara, hata kama swali halikuagiza.

Kabla hujarudi kwenye karatasi yako, fanya hii: 787, 1577, 3232, 4356, 16091. Chora mstari pale nambari inapopaa, hesabu zilizo kushoto kwake, kisha andika hapa kundi, fomula ya kloridi na mpangilio wa elektroni. Usiniandikie jina la elementi peke yake, nataka nione ulivyohesabu.