Wasomaji Wauliza: Msiba wa Sam Nujoma na Taratibu Zake

Tangu Namibia imzike rais wake wa kwanza, Sam Nujoma, tarehe 1 Machi 2025, barua zimekuwa nyingi kuliko kurasa tulizonazo. Tumechagua hizi tano.

SWALI: Mlinzi wa shule yetu akisikia msiba wa taifa huipandisha bendera moja kwa moja hadi katikati na kuifunga hapo. Mwalimu mwenzangu anasema amekosea. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Mwenzako. Bendera hupandishwa kwanza hadi kileleni, ikatulia hapo kidogo, ndipo inapoteremshwa polepole hadi nusu mlingoti. Jioni ni hivyo hivyo: irudi kileleni kwanza, kisha ishuke yote. Kwa mlingoti mrefu, katikati yake inatosha. Kwa mfupi, angalau uache juu ya bendera nafasi sawa na kimo cha bendera yenyewe, la sivyo mpita njia atadhani kamba imelegea tu.

Na kamba ndiyo inayoleta aibu nyingi. Bendera ikiwa kileleni, roda ya juu huisaidia kukaa vizuri. Ikiwa katikati, haina cha kuishikilia isipokuwa fundo la chini. Fundo likilegea, saa nne asubuhi bendera imeshafika usawa wa kichwa cha mtoto. Zungusha kamba kwenye kishikio kwa umbo la nane, mara tatu au nne, kisha funga. Funga pia uzi wa rangi kwenye kamba palipo na alama ya nusu, ili kila siku ya maombolezo bendera ikae pale pale. Milingoti ikiwa miwili au mitatu, bendera zote zishuke kwa usawa mmoja. Ile inayotokeza ukutani kwa mshazari haishushwi. Hufungwa utepe mweusi juu yake.

SWALI: Nujoma alifariki 8 Februari, akazikwa wiki tatu baadaye. Mwalimu Nyerere alifariki 14 Oktoba 1999 akazikwa Butiama tarehe 23. Wenzetu walikawia kwa nini? (Msomaji, Musoma)

JIBU: Hawakukawia, ndiyo desturi yao ya karibuni. Rais Hage Geingob alifariki 4 Februari 2024, akazikwa tarehe 25 mwezi huo huo. Hesabu siku, utaona ni zile zile 21. Namibia ni kubwa kwa eneo lakini ina watu takriban milioni tatu tu, waliotawanyika, na wengi wako kaskazini, mbali sana na Windhoek. Watu wa Ongandjera, alikozaliwa Nujoma mwaka 1929, wana haki ya kumuaga kwao. Juu ya hapo kuna marais wageni, na kila mmoja ana kalenda yake.

Gharama ya msiba mrefu iko kwenye kuutunza mwili. Jeneza la kioo likitoka kwenye ubaridi na kuingia ukumbi wenye joto na watu wengi, kioo hushika ukungu na waombolezaji hawaoni kitu. Ndiyo maana saa za kuaga hupangwa fupi na ukumbi hupozwa mapema.

SWALI: Nakaa karibu na Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam. Alituhusu nini hasa? (Msomaji, Mwenge)

JIBU: Sana. Alipokimbia kwao mwaka 1960 alifika Tanganyika, na Nyerere na TANU wakamsaidia kuendelea na safari ya kwenda kuishitaki Afrika Kusini, iliyokuwa ikiitawala Namibia, mbele ya Umoja wa Mataifa. SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, ilipoundwa tarehe 19 Aprili mwaka huo alichaguliwa kuiongoza akiwa hayupo nchini. Chama kikaweka ofisi Dar es Salaam, na wapiganaji wake wakapata kambi Kongwa, Dodoma, kwenye mabaki ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioshindwa. Walikuwa jirani na wapiganaji wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na MPLA ya Angola.

Kutoka Tanzania kundi la kwanza lilipenya hadi kaskazini mwa Namibia na kujichimbia Omugulugwombashe. Majeshi ya Afrika Kusini yakawashambulia kwa helikopta tarehe 26 Agosti 1966, na siku hiyo sasa ni Siku ya Mashujaa ya Namibia. Uhuru ulikuja 21 Machi 1990. Anayepita Mwenge kuelekea Ubungo bila kujua haya anapitwa na mengi.

SWALI: Je, ni utovu wa adabu kutaja kasoro zake wakati wa msiba? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kaburini, ndiyo. Gazetini, hapana. Katiba ilibadilishwa ili apate muhula wa tatu, na familia za waliofungwa na SWAPO huko Lubango, Angola, miaka ya 1980 kwa tuhuma za ujasusi bado zinadai majibu. Kuandika wasifu bila hayo ni kuandika nusu mtu. Ila usianze nayo. Anza na alichofanya.

SWALI: Nimeombwa kusaini kitabu cha maombolezo ubalozini kwa niaba ya chama chetu. Niandike nini? (Katibu, Dodoma)

JIBU: Tarehe, kisha mistari minne au mitano, kisha jina, cheo na chama. Waandikie wafiwa, yaani serikali na watu wa Namibia, si marehemu. Taja jambo moja mahususi. Kongwa linatosha kabisa, tena wewe unatoka Dodoma. Yaandike kwanza kwenye karatasi nyumbani, kwa sababu ukikosea mbele ya balozi hakuna kufuta. Beba kalamu yako ya wino unaokauka haraka: ukurasa ukifungwa ukiwa mbichi, maneno yako yatachapika kinyume kwenye ukurasa wa jirani, ambao huenda umesainiwa na waziri.